Maombi Katikati ya Mtihani

Jamani, nimeaibika! Mimi karani wa masijala hapa Dodoma, mtu mzima na mvi zangu, nilikuwa nasoma shahada kwa mtandao kwa siri. Niliogopa nikifeli mtaa wetu mzima wa Mkonze utanicheka. Nikitoka kazini najifungia chumbani na laptopu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Hombolo, akawa ananisikia nikiongea peke yangu, mara nalia. Hakuuliza. Alianza tu kunipikia uji wa mgonjwa.

Siku ya kutetea utafiti wangu kwa video nilivaa koti la heshima juu, kanga chini. Kwa kiherehere nikasahau komeo. Nimeanza tu kujieleza, mama mkwe akaingia na akina mama wa kanisani, mikono ikatua kichwani kwangu.

"Bwana, mrudishie mkwe wangu akili zake!"

Nikapiga magoti. Ningefanyaje?

Walipomaliza, laptopu ikaitikia, "Amina."

Mama mkwe akaruka. Kwenye skrini, walimu wangu walikuwa wanafumbua macho.

"Shikamoo, mama," mmoja akasema. "Mkwe wako ni mzima. Yuko kwenye mtihani wa shahada."

"Marahaba." Akanitazama, akafuta machozi, akawageukia walimu. "Basi mfaulisheni, wanangu. Ukoo mzima uko njiani, nitawaambia nimewaitia nini?"