Ng'ombe wa Nancy na Tarehe ya Lazima

Nancy Aminieli ni mkaidi, na nasema hivyo kwa sababu tumekaa meza moja miaka minne pale ofisini Njiro, tukitengeneza programu ya simu ya kumwita daktari wa mifugo. Mwezi wa nne alichoshwa na wafugaji waliolalamika kwamba haifai kitu. Akanunua ng'ombe mwenye mimba, akampa jina Shukuru, akampeleka kwa mama yake kijijini Akheri, akaapa kwamba atatibiwa kwa programu yetu tu. Atawaonyesha.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulipanda Akheri asubuhi, mimi nikiwazia mtori wa ndizi tu. Mama yake alikuwa ameenda sokoni Tengeru. Bandani tulimkuta Shukuru amelala ubavu, anaguna, ukwato mmoja umechungulia. Mmoja tu. Hata mimi mtoto wa mjini nilijua inatakiwa miwili.

Nancy alifungua programu. Kikatokea kisanduku chekundu: "Jaza tarehe ya kupandishwa." Kadi yenye tarehe hiyo ilikuwa kwenye droo, Njiro. Akabuni tarehe. Programu ikajibu: "Hailingani na kumbukumbu." Kizuizi hicho alikiweka yeye mwenyewe, na siku ile ofisi nzima tulimpigia makofi.

"Mpigie daktari moja kwa moja," nilimwambia.

"Namba ipi, Gadiel? Si nilizificha zote ili madaktari wasisumbuliwe!"

Akajaribu tarehe nyingine, kisha nyingine. Baada ya mara ya tatu programu ilimfungia nusu saa. Niliogopa, sifichi. Shukuru alikuwa ameacha kusukuma.

Jirani, Mama Sifaeli, aliingia akiwa bado na mzigo wa majani ya mgomba begani. Alisikia kelele za ng'ombe tangu kwake.

"Shikamoo mama," Nancy alisema, machozi yanamtoka.

"Marahaba. Ameanza saa ngapi?"

Hatukujua. Mama Sifaeli alitupa majani chini, akatoa kisimu chake cha batani. "Yona, njoo hapa kwa Mama Nancy. Ndama amekunja mguu. Kimbia."

Daktari Yona alifika na pikipiki baada ya dakika ishirini. Akapaka mkono sabuni, akaunyoosha ule mguu, sote tukavuta. Ndama alitoka amekufa. Shukuru alipona.

Nancy alikaa kwenye majani, damu mpaka viwikoni. "Mama, namba ya Yona uliipata wapi?"

"Niliitafuta baada ya yule ng'ombe wangu kufa, mwezi wa tatu. Niliwaandikia ninyi humo humo kwenye programu yenu, kwa simu ya mwanangu Sifaeli."

Nancy alifuta mikono kwenye sketi, akafungua orodha ya malalamiko. Lilikuwepo: "Inadai tarehe, ng'ombe anakufa." Chini yake kulikuwa na jibu, na jina la aliyejibu ni la Nancy mwenyewe: "Kosa la mtumiaji. Limefungwa."

Akamkabidhi Mama Sifaeli simu. Mama alisoma polepole, midomo ikitembea, kisha akamrudishia.

"Ndivyo mlivyonijibu," alisema. "Miezi yote hii nilijua ni mimi niliyemuua."