Namba Moja, Mteja Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la pembejeo pale Ngaramtoni, Msimamizi wa Tawi alinikabidhi boksi la kadi za wateja. "Jina, simu, maelezo," akasema. "Hayo maelezo ndiyo kazi yenyewe." Nyie vijana wa mauzo mnaosoma haya, lishikeni hilo.

Wakulima wengi wa mlimani hawakuwa na simu. Waliandikisha namba ya mzee wao wa kanisa, naye akawafikishia habari. Kwa hiyo kwenye kadi ya Mama Naserian, mjane mwenye shamba la kahawa, niliandika: "Simu ya mzee wa kanisa. Mtaje mama kwa jina."

Baadaye nikahamishiwa makao makuu, mjini, kutunza taarifa za wateja. Ukaja mfumo wa kompyuta. Kuhamisha data si kunakili tu. Unaanza kwa kusafisha, yaani kumwondoa mteja aliyeingizwa mara mbili. Mfumo ule ulimtambua kila mteja kwa namba ya simu. Sehemu ya maelezo haukuwa nayo kabisa.

"Bosi, hawa ni watu kumi na mmoja, simu moja," nikamwambia Meneja Mauzo.

"Mama, namba moja, mteja mmoja. Unganisha. Jumatatu tunawasha mfumo."

Nilijua anakosea. Lakini niliogopa kuitwa bibi asiyeiweza kompyuta. Nikabonyeza. Akabaki mzee wa kanisa peke yake.

Msimu huohuo tuliuza dawa ya kahawa iliyochanganywa vibaya kiwandani. Tukawatumia wateja ujumbe: msiipulize. Kwa mzee wa kanisa ulifika mmoja, wenye jina lake. Akarudisha chupa yake, basi.

Mama Naserian akaja ofisini na tawi la kahawa lililoungua, amelifunga kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, wenye simu zao mliwaambia. Mimi je?"

Nikatafuta jina lake kwenye mfumo. Halikuwepo.

"Miaka yote hii mnaniandika," akasema. "Nimeenda wapi?"

Jamani! Nilikosa pa kuweka uso. Sikumwambia kwamba ni mkono wangu. Kahawa ile aliing'oa yote, na ndiyo iliyokuwa ikisomesha wajukuu.

Sasa nimestaafu, nakaa Lemara. Juzi nilikutana naye sokoni Ngaramtoni. Akatoa simu ndogo kwenye kikapu, akanitajia namba taratibu, tarakimu moja moja.

"Hii ni yangu mwenyewe. Andika, mwanangu, nisipotee tena."

Nikatoa kalamu, nikaandika. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nimestaafu.