Ulanga wa Mlima wa Bibi

Juzi nilipanda Matombo kuwaona ndugu, na jikoni nikakuta magimbi yanachemka. Harufu ile ilinirudisha, rafiki yangu, hadi enzi za Mjerumani, nilipokuwa binti mdogo nikilelewa na bibi mzaa mama.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Asubuhi tulitelemka bondeni, yeye akichimba udongo, mimi nikiukanyaga mpaka ulainike, miguu ikifa ganzi kwa baridi ya mto. Mlima ule wa ukoo wetu ulikuwa na ulanga, yale mawe ya tabaka tabaka yanayong'aa kama kioo. Bibi aliusaga kidogo akauchanganya na udongo ili vyungu visipasuke motoni. Kwa kuchimba maisha yake yote, aliujua mlima kwa vidole. Juu, chini ya majabali, ulanga ulimetameta kuliko kote, lakini mvua ilikuwa imeuozesha. Ule mzuri, wa vipande vipana, ulijificha chini kando ya mto, umefunikwa na tope.

"Hili ni letu," aliniambia. "Mjomba wako tu ndiye anayejua."

Kisha Wazungu wakaanza kununua ulanga Morogoro. Jirani yetu, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi, akaenda kwa akida, yule aliyewekwa na serikali kututawala, akaapa kwamba mlima ni wa ukoo wake, na akida akampa. Mjomba alipobisha, alilazwa kifudifudi barazani akachapwa viboko. Mlio ule nausikia mpaka leo. Bibi alimkanda mgongo kwa maji ya chumvi. Bibi hakulia.

Siku chache baadaye jirani akaja mwenyewe, bila haya.

"Dada, wewe ndiye unayechimbachimba huko. Ulanga mzuri uko wapi?"

"Macho unayo, kaka. Wapi panang'aa kuliko kule juu?"

Akaondoka anacheka. Akaajiri wachimbaji, na bibi akaomba kazi ya kuwapikia ugali na kisamvu. Mwanzoni jirani alimlipa nguo na chumvi. Vilipokwisha, akamlipa mbuzi, maana bila chakula vijana wale wangekimbia. Jioni niliwafunga mbuzi wake uani kwetu na kuwakatia majani, moyo wangu ukichekelea.

Masika yalipokwisha, jirani alipeleka mizigo yake mjini. Mjomba alikuwa sokoni siku hiyo, akatusimulia: mnunuzi alichukua kipande, akakifikicha, akapuliza. Kikapeperuka kama pumba. Mjomba aliigiza ule mpulizo mara nyingi, nasi tukacheka mpaka machozi. Hatukuwa tumecheka tangu siku ya viboko.

Jirani alirudi amenyong'onyea. Akida hakumjali tena, kwani hakuwa na cha kumpa. Akamwomba bibi auchukue mlima, ampe mbuzi japo wawili. Bibi akawaita wazee washuhudie, akamchagulia wawili katika wale wale waliokuwa wake, waliokonda kuliko wote.

"Dada," akauliza kwa sauti ndogo, "ulijua?"

"Nilijua. Ungeniuliza kabla ya kumchapisha mwanangu, ningekuonyesha."

Jirani akaenda Mikese kuponda mawe ya reli. Mjomba naye akaanza kuchimba kando ya mto, akipeleka Morogoro kidogo kidogo, vipande safi, na kwetu hatukulala njaa tena.

Leo mto umekula kingo zake na shimo la udongo halionekani. Wanawake wanapikia sufuria. Hakuna anayeonja udongo kwa ncha ya ulimi, alivyofanya bibi, kujua kama utastahimili moto. Bibi hayupo, mjomba hayupo. Jirani naye alirudishwa kuzikwa hapo hapo kijijini, na ndugu zangu huniambia hayo ni ya zamani, niyaache.

Kabla ya kuondoka niliazima jembe, nikapalilia kaburi la bibi, nikapalilia la mjomba. La jirani limefunikwa na magugu, nami nililipita hivyo hivyo, jembe begani.