Mkwe Nyuma ya Gari

"Mwambie mumeo asirudi kwenye ukumbi wa mahakama, mimi niingie," alisema Nakamarra.

Coralie akageukia upande wa pili wa gari, akamwambia mumewe kwamba mama anataka abaki nje. Jangala alikuwa amesikia kila neno, maana kati yake na mama mkwe palikuwa na bati la Toyota tu. Lakini kusikia si kuambiwa.

"Mwambie mama yako nikibaki nje mimi, Denzil ataungama hata ya mwakani."

Coralie akageuka tena. Shingo ilishaanza kumuuma. Tangu aolewe amekuwa akigeukageuka hivyo, mama huku, mume kule. Kwa watu wa jangwa lile, mwanamume hamtazami mama mkwe wake, hasemi naye, wala hawakai chumba kimoja. Heshima hiyo ilikuwapo kabla ya vilima, na vilima vyenyewe, ukitaka kujua, vimekaa kila kimoja mbali na mwenzake kwa sababu hiyo hiyo.

"Mwambie mtetezi wa watu," mama akajibu, "kwamba anatetea kila mtu ila mjukuu wangu."

Hilo lilimchoma Jangala. Akaiacha ile Toyota, akaelekea ukumbini, akarudi, akaelekea tena.

Kazi yake ilikuwa kutetea watu mahakamani. Hakuwa wakili, kwani wakili huja na ndege moja na hakimu na kuondoka nayo. Yeye alikuwa mtu wa kusimama kando ya mshtakiwa na kusema huyu ni nani, ni wa akina nani, na kwa nini amenyamaza. Zamani alikuwa mchunga ng'ombe. Farasi akamtupa, mguu ukapinda, na siku moja akasimama dirishani akimsemea nduguye kwa sauti kubwa hadi hakimu akamwambia aingie ndani kama mtu. Tangu hapo hajatulia. Huvaa shati moja la kola, hushika begi lisilo na kitu, na masikio yake huwa mlangoni. Viti vya ukumbi ule havijawahi kuonja joto lake. Siku moja dukani alisikia kikohozi cha Nakamarra, akajitosa ndani ya friza la mikia ya kangaruu na kufunga mfuniko. Alipotolewa alikuwa amekakamaa hivi kwamba keshia nusura ampime kilo. Anayebisha amuulize keshia, ingawa alihama.

Sasa shauri la Denzil lilikuwa hivi. Denzil, mtoto wa kaka yake Coralie, alichukua gari la fundi umeme bila kuomba, akaenda kumzika ndugu wa mama yake. Gari alilirudisha, limejaa vumbi na waombolezaji. Lakini alipoitwa mahakamani hakutokea, na leo polisi walitaka apelekwe rumande mjini, mbali kabisa, mpaka kesi iishe. Jangala aliwajua vijana waliopelekwa huko kwa kosa dogo wakarudi wakubwa wa makosa. Njia ilikuwa moja: Denzil akakae na bibi yake kule kambini jangwani, kwenye kisima cha pampu ya upepo, ambako hakuna gari la kuchukua wala la kuchukuliwa.

Wa kusema hayo alikuwa bibi mwenyewe. Na bibi hawezi kuingia alimo Jangala.

Jangala naye hawezi kutoka. Denzil alilelewa kuheshimu wakubwa, na mkubwa akimuuliza jambo kwa ukali, yeye hujibu ndiyo ili yaishe. Ukimuuliza kama ndiye aliyeiba mwezi, atasema ndiyo, na ukimuuliza ameuweka wapi atakuonyesha. Wakili kijana alikutana naye asubuhi ile tu. Angejuaje ndiyo ipi ni ndiyo?

Wakaitwa. Nje vumbi jekundu lilikuwa limepanda upande wa machweo, na rubani alikuja mara ya pili kumnong'oneza hakimu kwamba ndege haitangoja. Hakimu, mama mwenye miwani shingoni, akamuuliza Denzil kama anaelewa kwamba hakuheshimu mahakama. Ndiyo. Alikusudia kukimbia? Ndiyo. Jangala akamgusa bega, akamwomba hakimu amuulize alikuwa wapi siku aliyoitwa, badala ya kumtajia jibu. Hakimu akauliza. Denzil akasema taratibu kwamba alikuwa bado msibani.

Hakimu akaandika. Kisha akamtazama Jangala.

"Bwana Jangala, tangu nianze kuja hapa unanitajia huyu bibi wa kambini. Anawalea wote, anawatuliza wote. Mimi sijaona hata kivuli chake. Kweli yupo?"

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa.

"Yupo, mheshimiwa. Yuko nyuma ya gari."

"Basi aingie aseme mwenyewe kwamba anamchukua, na ataondoka naye sasa hivi. Asipoingia, huyu kijana anapanda ndege na mimi."

Rubani akasogea mlangoni. Polisi akamkamata Denzil mkono, bila nguvu, kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake. Jangala aliutazama mlango wa nyuma, akamtazama Denzil, ambaye tayari alikuwa akiitikia kwa kichwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Jangala akaona bora aseme yote, hata kama ni kumwaga heshima ya nyumba yake mbele ya wageni.

"Mheshimiwa, bibi anashindwa kuingia kwa sababu yangu mimi. Huyo ni mama mzazi wa mke wangu, na kwetu sisi—"

Mlango wa mbele ukafunguka. Lilitangulia vumbi, kisha Coralie, akitembea kinyumenyume, akivuta kwa mkono blanketi jekundu lenye miguu miwili mitupu chini yake. Ndani ya blanketi mtu akakohoa.

Jangala akakitambua kikohozi cha mama mkwe, akageukia ukutani.