Sindano ya Mama na Panya wa Mwalimu Tunu

Usiku ule nililala na hasira, nikagaagaa kitandani hadi shuka likaanguka. Figo za mama yangu zimechoka, na sindano anayochomwa kliniki ili aongezeke damu ilikuwa haijamsaidia kitu. Sindano yenyewe naijua. Ni homoni ileile ninayowachoma panya kazini, kwenye maabara ya chuo. Wao baada ya siku chache tu masikio yanakuwa mekundu, na mama viganja vinazidi kupauka. Iliniuma sana.

Usingizi uliponichukua nilijikuta kwenye banda la panya, nafungua vizimba. Mwalimu Tunu alikuwa pale, amevaa koti lake la maabara lililokosa kifungo. Ndiye aliyenifundisha kumshika panya asining'ate, na mwaka jana tulimzika. Sikuogopa. Nilimlalamikia tu: kwa nini panya wapate nafuu, mama yangu akose?

Ananiletea panya mmoja aliyepauka mpaka puani. Namtambua. Ni wa lile kundi tulilolinyima chakula chenye madini ya chuma. Tuliwachoma homoni na damu haikupanda. Namwambia hao nawajua, nina haraka, mama ananisubiri. Anacheka kicheko chake kilekile cha kunitania.

"Homoni inaagiza tu damu itengenezwe," anasema. "Chuma cha kuitengenezea kiko wapi?"

Mara banda limekuwa jiko letu la nyumbani. Vizimba viko mezani, na Mwalimu anawajazia panya chupa zao za maji, ila kinachomiminika ni chai ya rangi, imekolea, kama anayoipenda mama. Namshika mkono aache, mkono haushikiki. Mama amesimama mlangoni na vidonge vyake vya chuma kiganjani, anaomba kikombe.

"Chai itakizuia chuma kisiingie mwilini," anasema Mwalimu. "Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Nafungua mdomo, sauti haitoki.

Nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha, na jikoni birika linachemka. Nilikwenda mbio, hata shikamoo sikumpa. Nikamkuta mama na vidonge mkononi, kikombe kinafuka moshi, nikamwomba amezee maji na chai aiache mpaka baadaye.

"Siku zote namezea chai," akasema. "Leo nani kakwambia?"

"Mwalimu Tunu."

Mama akakisogeza kikombe pembeni, akaniomba maji.