Karakana ya Mama Mkwe

Zamani mtu aliyeogopa kodi alijificha uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe. Siku hizi humlipa kijana mwenye tai aje amfiche.

Jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti tuliyemwita Cheche, alirithi karakana kwa baba yake. Marehemu kila mwaka alipiga shati pasi, akaenda kulipa kodi, akadai risiti, akarudi akitukana mpaka jioni. Lakini usiku alikoroma. Cheche alitaka kukoroma bila kulipa.

Mshauri wake wa kodi alikuja na begi jepesi, upepo ukapita ukalisogeza mezani.

"Bosi, gawa biashara," akasema. "Mageti yawe yako, madirisha ya shemeji, chumba na mashine viwe vya mama mkwe. Mkiwa wafanyabiashara wadogo watatu, kila mmoja chini ya kiwango cha kodi, hakuna wa kukamuliwa."

"Mama mkwe yupi?" nikauliza. "Yule aliyesusa harusi kwa sababu alipewa kiti cha plastiki?"

"Mzee, wewe umebaki enzi za kibatari," Cheche akacheka. "Ni jina tu kwenye karatasi."

"Shamba la watu huuzwa kwa jina tu, baba."

Hakusikia. Mtu akishavaa miwani ya giza ya kuchomelea, jua lenyewe halioni. Akatia saini. Mama mkwe naye akatia, baada ya kusoma kila mstari kwa kidole.

Maofisa wa kodi walipofika, hawakuhitaji akili nyingi. Mlango mmoja, mita moja ya umeme, fundi mmoja anayetoka jasho. Wakaunganisha biashara zote tatu wakaongeza na faini. Mshauri akapigiwa simu, hapatikani. Wasomi wa siku hizi hupatikana siku ya malipo yao tu.

Cheche akaamua kuuza mashine moja alipe deni. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mashine ipi hiyo, mkwe wangu? Yangu?"

"Mama, si tulikubaliana ni jina tu?"

"Jina hili ninalo tangu nizaliwe, halijawahi kuniletea hata sufuria. Leo limeniletea karakana, unataka nilikane?"

"Sasa deni nitalilipaje?"

"Nitalilipa mimi, nimeuza ng'ombe wangu. Wewe kesho saa moja asubuhi uwe kazini. Ukichelewa, nakata mshahara."

Mke wa Cheche akatazama pembeni. Alijua kucheka, yule binti, bila kufungua mdomo.

Mara ya mwisho kuwaona, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa karakana kwenye kiti cha mbao chenye mto, ametoka kulipa kodi, risiti mkononi, anatukana serikali kwa sauti ya kushiba. Cheche alikuwa amechuchumaa chini akichomelea geti la mteja. Aliniona, akainua miwani ili aniamkie. Mama mkwe akakohoa. Cheche akaishusha, akaendelea na kazi.