Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Mama yangu hakuwahi kumwita baba kwa jina. Mke mwenye heshima, kwake, hakufanya hivyo. Alisema "Baba Watoto", na akikasirika alisema "huyu bwana". Hata kwenye mazishi alimlilia Baba Watoto. Kwa hiyo jirani yetu, aliyefanya kazi relini pamoja na baba, aliporudi kutoka mji wa Kabalo na kulitamka jina la baba mlangoni petu Kalemie, Mama alishtushwa kwanza na jina lenyewe, halafu na habari.

Habari ilikuwa kwamba Kabalo kuna mtu anayetumia jina la marehemu, tena limeandikwa kwenye karte yake, kitambulisho cha serikali.

"Ni mwizi, Mama," jirani akasema. "Kiwanja yenu ingali kwa jina ya marehemu. Siku moya atakuya na ile karte, atauzisha nyumba, na weye utatoka na masufuria kwa kichwa."

Mama hakulala vizuri tangu hapo. Nyumba ile ndiyo kitu pekee baba alichotuachia.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya, Kifaransa kimejaa mdomoni, nikadhani biro ya zone, ile ofisi ya serikali ya mtaa, itanisikiliza. Karani alimuuliza Mama jina la mume wake. Mama akanitazama mimi. Nikalitaja. Karani akasema twende wenyewe Kabalo tukamlete huyo mtu, kana kwamba mwizi ni mgeni wa kupokelewa kituoni. Nilitoka nikiwa nimefura kwa hasira.

Basi tukapanda treni. Tuliposhuka Kabalo nikaanza kutafuta askari. Mama hakungoja askari wangu. Alisimama katikati ya wapakiaji wa mizigo, akaliita jina la baba kwa sauti yake yote. Sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake.

"Miye hapa, Mama!"

Mtu mmoja akatua gunia. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko baba, wala hakufanana naye hata kidogo. Hilo liliniuma, sijui nilitarajia nini.

"Nani alikupa hii jina?" Mama akauliza.

"Njo Papa mumoya wa treni wa Kalemie."

Mtu yule alikuwa ameokotwa akiwa mchanga, akalelewa misheni, na jina alilokuwa nalo lilikuwa la ubatizo tu. Serikali ilipokataza majina hayo na kutuambia tuchukue ya mababu, yeye hakuwa na babu wa kumjua. Siku hiyo baba alikuwa pale Kabalo akingoja treni yake ipakiwe. Akamwambia: "Kamata yangu. Itatutosha siye wawili."

"Yeye mwenyewe iko wapi sasa?" mtu yule akauliza.

Mama akamwambia. Mtu yule akakaa juu ya gunia lake, akalia mbele ya wenzake bila kujificha. Nilipomtajia nyumba, alinitazama tu. "Nyumba gani?"

Nilipumua. Lakini mwalimu ni mwalimu: nikamshauri abadilishe jina, tusije tukasumbuliwa. Akakubali palepale. Kesho asubuhi angekwenda biro.

Mama alikuwa anafunga na kufungua pembe ya kitenge chake.

"Hapana," akasema. "Miaka yote ile sikumuita. Leo nimeita, na muntu ameitika. Uache vile."